Kijana wangu anaamini kwamba baba yake wa kambo ni mtu wa saa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda, kuhusu jambo ambalo nikilisema mbele za watu huenda wakacheka, lakini ndani ya nyumba yangu hakuna anayecheka. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa miaka 14 aliye kidato cha pili na binti wa miaka 7. Baba yao mzazi alifariki binti akiwa bado hajaanza kutembea. Miaka mitatu iliyopita niliolewa tena na mwanamume mpole, fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na soko, ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono mimi wala watoto, na ambaye amemlipia kijana wangu karo kana kwamba ni damu yake.

Shangazi, kifua cha mume wangu kinagonga. Ukiwa naye chumbani usiku, taa zimezimwa na barabara imetulia, utasikia ti, ti, ti, kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya leso. Mchana sauti hiyo hufunikwa na cherehani. Mimi sababu naijua. Tangu utotoni alikuwa mgonjwa wa moyo, na mwaka 2013, kabla hatujajuana, ndugu zake walichanga fedha akapelekwa India, akapasuliwa kifua na kuwekewa vali ya bandia. Aliniambia yote haya kabla ya posa, akanionyesha na kovu, ila alinitaka nimwahidi kwamba sitamwambia mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kabla yangu alikuwa na mchumba ambaye wazazi wake waliposikia habari za moyo walirudisha mahari, wakasema binti yao haolewi na maiti. Niliahidi, na ahadi hiyo nimeitunza hata kwa mama yangu mzazi.

Mwaka huu kijana alianza kusoma kwenye simu habari za watu waliotengenezwa kwa magurudumu na springi, wenye sura na ngozi kama zetu, ambao inasemekana wameishi kwa siri miongoni mwa wanadamu kwa karne nyingi, wakihama mji kila watu wanapoanza kushangaa kwa nini hawazeeki. Mwanzoni niliona ni hadithi kama hadithi nyingine. Kisha siku moja nilipokuwa nikifua sare yake nilikuta daftari la kurasa 96 ambalo jalada lake limeandikwa "Hesabu", na ndani yake hamna hesabu za shule. Ameandika tarehe, saa na idadi ya mapigo ya kifua cha baba yake kwa kila dakika. "Amelala: 64." "Ameketi, anakula: 78." "Ametoka kubeba jerikani la maji: 112." Pembeni ameandika kwamba mtu huyu humeza kidonge saa mbili kamili za usiku bila kukosa hata siku moja, kwamba mboga yake ya dodo, yaani mchicha, hupimwa kwa kijiko kilekile kila siku, kwamba havui shati mbele ya watu, kwamba hashoni bila kastabini, na kwamba kifuani ana mstari ulionyooka kutoka chini ya shingo, "mahali pa kufungulia". Ukurasa wa mwisho ndio ulionitoa machozi. Mwezi uliopita bodaboda nusura imgonge binti yetu mbele ya kibanda, na mume wangu alitoka mbio akamnyakua, akaingia naye ndani, akaketi. Kijana alikuwa hapo. Ameandika: "131. Haijawahi kufika hapa. Imeharibika?"

Nilipomuuliza, aliniambia kwa utulivu kwamba anajua nimeolewa na mtu wa saa na kwamba hanilaumu, kwani huenda sikujua. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia ni mwongo, hakuna kinachogonga, anasikia mambo yake mwenyewe. Tangu siku hiyo haongei nami ila kwa salamu. Amemwambia mdogo wake, na binti sasa hataki kubebwa na baba yake. Watoto wa jirani huja kusimama chini ya dirisha letu jioni, na mama mmoja wa mtaani ameniuliza kama mume wangu ana majini. Juzi binti alipatwa na homa na koo likamuuma hata kumeza mate ni shida, baba yake akataka kumbeba kumpeleka kliniki, akapiga mayowe mpaka tukaacha, nami nikamsukutulisha maji ya chumvi. Mume wangu hasemi kitu. Amehamishia godoro lake sebuleni, karibu na cherehani.

Shangazi, nivunje ahadi? Na nitamtoaje kijana huyu mawazo haya?

Mama wa wawili, Busia

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile 131.

Nianze na kosa lako, kwa sababu ndilo lililo rahisi kurekebishwa. Kijana wako alisikia sauti iliyopo, akaihesabu, akaiandika kwa tarehe na saa, na mtu anayemwamini kuliko wote akamwambia kwamba haipo. Naelewa kwamba ulikuwa ukilinda siri isiyo yako. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba masikio yake yanamdanganya ana njia mbili tu: kuacha kuyaamini masikio yake, au kuacha kumwamini mama yake. Wako amechagua ya pili. Kwa hiyo kabla ya maelezo yoyote ya moyo au ya springi, mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulichosikia wewe ndicho alichosikia yeye, na kwamba ulikosea kumwita mwongo. Hilo laweza kusemwa leo hii bila kuvunja ahadi ya mtu.

Sasa, kuhusu ahadi. Kifua ni cha mume wako na habari ya kifua hicho ni yake kuitoa, kwa hiyo usimwambie kijana nyuma ya mgongo wake. Nenda kwa mume wako kwanza. Usimbembeleze kwa habari ya aibu na majirani, kwa maana mtu aliyekwisha kuitwa maiti na wakwe watarajiwa hatashawishika kwa hoja ya majirani. Mweleze jambo moja la usalama wake. Mtu mwenye vali ya chuma au kaboni hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, na nadhani kidonge cha saa mbili usiku ni hicho, warfarini. Dawa hiyo humfanya atoke damu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine, ndiyo maana anashona na kastabini. Akianguka siku moja na kugonga kichwa, hata akiinuka na kusema ni mzima, anapaswa kufikishwa hospitalini bila kungoja, na atakayemfikisha lazima aseme kwa kinywa chake kwamba mgonjwa huyu ana vali ya bandia na anatumia warfarini. Akienda kung'olewa jino, daktari wa meno ni lazima ajue kabla, kwa kuwa mgonjwa kama yeye hupewa dawa ya kuua bakteria kwanza ili wasiende kujijenga kwenye vali. Siku utakapokuwa sokoni au msibani, mkubwa aliyebaki nyumbani ni kijana wa miaka 14 ambaye kwa sasa anaamini kwamba mtu huyu hufunguliwa kwa bisibisi. Hilo ndilo la kumwambia mume wako. Naamini atakubali, kwa kuwa mtu aliyekwenda kulala karibu na cherehani yake ili watoto wasisumbuke ni mtu anayewafikiria wengine.

Akikubali, aongee mwenyewe na kijana, wewe ukiwepo. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kijana wako hastahili kujibiwa kwa "acha upuuzi". Amesoma, amefikiri, na baadhi ya aliyoyasoma ni kweli. Watu wa mashine walikuwepo.

Mwaka 1206 mhandisi Al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa Diyarbakir, katika Uturuki ya leo, alimaliza kitabu cha mitambo ambamo mna chombo cha kunawia chenye umbo la tausi: maji yakitiririka, kijumba kinafunguka na mtumishi wa kuchongwa anatokea na sabuni, kisha wa pili anatokea na taulo. Katika karne ya 16 ilitengenezwa Ulaya sanamu ya mtawa, kimo chake kama sentimita 40, ambayo ikitiwa ufunguo hutembea, hujipiga kifua kwa mkono mmoja na kuinua msalaba kwa mkono wa pili na kuubusu. Leo ipo katika jumba la makumbusho mjini Washington. Kati ya 1768 na 1774, huko Uswisi, Pierre Jaquet-Droz pamoja na mwanawe na msaidizi wao walitengeneza wanasesere watatu ambao hadi sasa wanafanya kazi katika mji wa Neuchâtel. Mmoja ni mvulana anayeandika. Ana vipande vipatavyo 6,000 ndani yake, anachovya unyoya katika wino, anaukung'uta, na macho yake yanafuata mkono. Mwingine ni binti anayepiga kinanda kwa vidole vyake mwenyewe, na kifua chake hupanda na kushuka kana kwamba anavuta pumzi. Kama kijana wako angeambiwa kwamba kuna binti wa mbao na shaba anayehema, angesema "si niliwaambia?", na kwa hilo angekuwa na haki.

Lakini mwulize jinsi mvulana yule anavyoandika. Ndani ya mgongo wake kuna mhimili wa magurudumu ya shaba yaliyochongwa kingo zake kwa mabonde na vilima, na kila gurudumu likizunguka, kijiti hupanda na kushuka juu ya kingo hizo na kuuvuta mkono kulia, kushoto, chini. Kuna na gurudumu jingine la kupangia herufi, zisizozidi 40. Ukitaka aandike neno jipya, ni lazima binadamu afungue mgongo na kulipanga upya. Ukimsalimia haitikii. Springi ikilegea anasimama, na atabaki hivyo hata miaka mia mpaka mwenye ufunguo arudi. Katika nyumba ya marehemu baba yangu kulikuwa na saa ya ukutani ambayo ilitiwa ufunguo kila Ijumaa, na akisafiri wiki mbili tulijua kwa ukimya wake. Mtu wa saa hawezi kujificha miongoni mwa watu kwa sababu hawezi kupitisha wiki bila mtu anayejua siri yake na kumshika mgongoni. Nani amemtia ufunguo baba yake kwa miaka hii mitatu? Mwulize kijana swali hilo kwa heshima, umwache alifanyie kazi.

Tena kuna jambo la kuvutia zaidi, ambalo huenda wanaoandika hadithi hizo hawamwambii. Siri kubwa iliyotunzwa katika historia ya mashine hizi ilikuwa ya upande wa pili kabisa. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa mjini Vienna sanamu ya mwanamume mwenye kilemba, ameketi nyuma ya kabati, akicheza sataranji. Milango ya kabati ilifunguliwa ili watazamaji waone magurudumu, kisha ikafungwa, na sanamu ikawashinda wengi waliocheza nayo. Mwaka 1809 Napoleon mwenyewe alicheza nayo akashindwa. Ilizunguka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na mwisho iliteketea kwa moto mjini Philadelphia mwaka 1854. Kila ilipocheza, ndani ya kabati alikuwa amejikunja binadamu, bingwa wa sataranji, akicheza kwa mwanga wa mshumaa. Watu waliapa kwamba wameona mashine yenye akili, kumbe walikuwa wakitazamana na mtu aliyefichwa, mwenye jasho na mgongo unaouma. Kijana wako naye amemtazama mtu kwa miaka mitatu akaona mashine. Sisemi hivyo kumlaumu, kwa sababu mtu huyo alikuwa amefichwa, na ninyi watu wazima wawili ndio mliomficha.

Hata hadithi ya mtu wa saa anayeishi kwa siri ina kaburi nyuma yake. Inasimuliwa kwamba mwanafalsafa wa Ufaransa René Descartes alisafiri baharini na sanduku lenye msichana wa mashine aliyemwita Francine, na kwamba nahodha alipolifungua usiku na kumwona mwanasesere huyo akitikisika, aliogopa na kumtupa majini. Hayo hayakutokea, yalianza kusimuliwa Descartes akiwa amekwisha kufa zamani. Ila Francine alikuwepo. Alikuwa binti yake wa damu, aliyezaliwa mwaka 1635 na kufariki mwaka 1640, akiwa na miaka mitano, kwa homa inayoanzia kooni na kuufunika mwili kwa vipele vyekundu. Watu wakamchukua mtoto aliyeliliwa na baba yake, wakamfanya mwanasesere. Nitairudia homa hiyo ya koo kabla sijamaliza, kwa sababu inaihusu nyumba yako.

Sasa turudi kwenye daftari, maana jibu la kijana wako analo mwenyewe kwa mwandiko wake. Sitini na nne akiwa amelala. Sabini na nane akila. Mia na kumi na mbili baada ya jerikani la maji. Saa haifanyi hivyo. Fundi wa saa hutumia ustadi wake wote kuhakikisha kwamba inagonga sawasawa usiku na mchana, ikiwa mezani au mkononi mwa mtu anayekimbia, na saa inayobadili mwendo kwa sababu mwenye nayo amebeba maji ni saa mbovu. Kinachogonga kwa kufuata kazi, usingizi na mawazo ya mtu ni moyo. Mume wako akae na kijana, walifungue daftari ukurasa kwa ukurasa, amweleze kila namba. Wakifika kwenye 131, pale palipoandikwa "Imeharibika?", asiharakishe. Amwambie alichokiona barabarani siku ile, gurudumu la bodaboda lilikuwa umbali gani kutoka mguuni mwa mdogo wake, na mwili wake yeye ulimfanya nini. Hakuna aliyetengeneza springi inayomwogopea mtoto.

Kisha amweleze kile kinacholia ni nini, kwa kuwa kipo, na ni kazi nzuri ya mikono ya watu. Moyo una milango minne, inayofunguka na kufunga kila unapopiga, takriban mara 100,000 kwa siku, ili damu isirudi ilikotoka. Wa mume wako mmoja uliharibika. Vali ya bandia ya kwanza iliyofaulu kuwekwa ndani ya moyo mahali pa ile ya asili na kutumiwa kwa wagonjwa wengi ilitoka kwa daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards nchini Marekani mwaka 1960, nayo ilikuwa kijipira ndani ya kizimba kidogo. Za siku hizi kwa kawaida ni pete yenye vibawa viwili vya kaboni ngumu. Hakuna betri ndani yake, hakuna springi, hakuna pa kutia ufunguo. Damu ndiyo inayovisukuma vikafunguka, na damu hiyohiyo ikitaka kurudi inavifunga, na kule kufunga ndiko kunakosikika ti, ti, katika chumba kilichotulia. Wako wengi duniani wenye sauti hiyo. Wengine hulala na redio wazi ili wake zao wapate usingizi.

Na ile dodo ya kijiko kimoja? Mboga za majani mabichi zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hakatazwi kuzila. Anatakiwa ale kiasi kilekile siku hadi siku ili dozi iliyopimwa isivurugike, na apimwe damu mara kwa mara kama alivyoagizwa. Usiongeze wala kupunguza kwa sababu ya barua hii, na dawa za mitishamba asiguse kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa maana nyingi hugombana na warfarini.

Mwisho wa mazungumzo hayo, kama mume wako ataweza, afungue vifungo vya shati na kumwacha kijana aweke sikio kifuani. Kovu aliloliita mahali pa kufungulia, aliguse. Mwambie mume wako kwamba najua ninaomba jambo kubwa kwa mtu ambaye kovu hilo lilimkosesha mke.

Kuna jambo moja ambalo kijana anaweza kuambiwa na likamfaa, ila liwekewe mpaka. Sauti ya vali ikififia ghafla au ikipotea, au baba akihema kwa shida kuliko kawaida, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda kwenye vali. Mtoto mwenye masikio haya angeligundua hilo kabla yenu. Lakini asipewe kazi ya ulinzi. Asikae macho usiku akisikiliza kama baba yupo, kwa maana huyu ni mtoto ambaye amekwisha kumzika baba mmoja, na mwanangu, ninashuku kwamba ndiyo sababu ya daftari lenyewe. Aliyempoteza baba wa nyama angetamani sana kujua kama huyu wa pili ni wa kudumu. Mtu wa saa hafi. Sitaki kujifanya nimeuona moyo wake kutoka huku Kampala, lakini mkikaa naye, sikilizeni kama swali hilo halitajitokeza, na likijitokeza, msimdanganye kwa kumwahidi miaka. Mwambieni vali hizi zimetengenezwa zidumu, na kwamba baba anameza kidonge kila siku saa mbili usiku ili abaki nao.

Kwa binti sitasema mengi. Mtoto wa miaka saba haiamini hadithi. Anamwamini kaka yake. Kaka aliyemtia hofu ndiye atakayeitoa, na akimwona ameweka sikio kifuani mwa baba na kucheka, naye atataka zamu yake. Majirani nao waambiwe kile tu ambacho mume wako yuko radhi kisemwe, hata kama ni "alipasuliwa moyo, sasa ni mzima". Yule mama wa habari za majini mjibu hivyohivyo, mbele ya watu, bila hasira.

Nimebakisha koo. Mwanangu, vali ya mume wako haikuharibika yenyewe. Kwa nchi yetu, mtu aliyeugua moyo tangu utotoni na akahitaji vali mpya mara nyingi alianza na koo linalouma, lililoletwa na bakteria aina ya streptokokasi na kuachwa lipone lenyewe, kisha ikafuata homa ya baridi yabisi inayokula vali za moyo polepole kwa miaka. Bakteria hao ni wa kundi lilelile linaloleta homa iliyomuua Francine. Wakati wake hapakuwa na tiba. Sisi tunayo penisilini, tena ya bei ndogo. Hata kwa watoto ambao moyo umekwisha kuguswa kidogo inasaidia: katika utafiti uliofanyika hapa Uganda kwa watoto na vijana 818, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2021, kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili ni watoto 3 tu ambao ugonjwa wao ulizidi, na kati ya wasiochomwa ni 33.

Umeandika kwamba juzi binti alikuwa na homa na hawezi kumeza mate, na kwamba mlimsukutulisha maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupoza koo, hayaui bakteria huyo. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi, nami sijui barua yako ilikaa siku ngapi njiani. Funga simu, mchukue mtoto, nenda kituo cha afya, useme kwamba koo linauma na lilianza siku gani. Akikataa kubebwa na baba yake, kaka yake ambebe, na baba yao atembee nao.

Shangazi